Gari Lililoinamia Kusini

Kila Jumamosi saa nne asubuhi Merle Kostka alikunjua meza yake ya bati mbele ya gari-nyumba lake, na wageni wa jangwani wakaja na viti vyao kumsikiliza. Wengi walikuwa wazee wenzetu, watu waliouza nyumba zao au waliouziwa na benki, wakanunua gari lenye kitanda na jiko, wakaja kuishi bure kwenye ardhi ya serikali huku kusini mwa New Mexico ambako hakuna bomba wala nguzo ya umeme. Merle hakutoza kitu. Kila mmoja alileta kopo la maharage au la supu, akaliweka chini ya meza, basi. Walimwita Mwalimu. Miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa mabasi ya shule huko Ohio, hajawahi kusimama mbele ya darasa hata siku moja, na jina hilo lilimlewesha kuliko bia.

Siku hiyo ya Januari alianza na madumu ya maji. Lita sita kwa mtu kwa siku, alisema, kunywa, kupika na kunawa, na asiyeziweza arudi mjini. Akaonyesha kile kidude cha kunusa gesi, akawaapisha wasikizime hata kikiwapigia kelele. Akasema habari za betri, akasema habari za kubandika karatasi mlangoni yenye namba za mahali ulipo, maana gari la wagonjwa halijui vichaka. Kisha akainua kipande cha plastiki chenye kiputo cha hewa ndani ya maji ya kijani.

"Hii ni pimamaji. Dola nne tu. Kabla hujawasha friji yako ya gesi, iweke sakafuni utazame kiputo. Kisipokaa katikati, usiwashe. Friji hizi hazina mota. Gari likiinama, ile dawa ya ndani ya mabomba inakwama, friji inaungua kimyakimya. Na ikishaungua imekufa, haiponi. Mpya ni dola elfu moja na mia nne. Mmenisikia?"

"Tumesikia, Mwalimu," wakaitikia.

Mwanamke mmoja akainua mkono. Aliitwa Darla Finch, mjane aliyekuwa akilala kwenye gari dogo la mizigo alimoweka godoro, na alikuwa na wiki mbili tu jangwani. "Sasa Mwalimu, mbona lako limeinama?"

Vichwa vyote vikageuka. Kweli, magurudumu ya upande wa kaskazini yalikuwa juu ya mbao nne, na paa lote na paneli zake za sola limeinamia kusini.

"Nakamata jua, dada. Mwezi huu jua linapita chini kule kusini. Ukilaza paneli unakamata nusu, ukiziinamisha unakamata lote."

"Na friji je?"

Merle akawageukia wenzake, akapanua mikono. "Haya jamani, mgeni njoo, mwenyeji apone! Wiki mbili tu, tayari ananikagua."

Kicheko kikapasuka. Mimi pia nilicheka, sitakataa. Darla akainamia kikombe chake cha kahawa, shingo yote nyekundu, na hakuuliza tena. Nasi hatukujua kwamba friji ya Mwalimu ilikuwa na siku ya nne tangu iache kupoza. Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini hawakusema kwamba anaweza kuendelea kuuza dawa.

Sitaki kumwonea. Aliliinamisha gari kwa ajili ya mkewe, Lorene. Betri zao zilikuwa na miaka sita, zilizimika kabla ya alfajiri, na zikizimika feni ya kipasha joto nayo huzimika, na Lorene alikuwa mtu wa baridi, mwembamba, mwenye kisukari cha miaka mingi, asiyeishi bila sindano za insulini. Alipoweka zile mbao nne, betri zikafika asubuhi. Lorene akaamka na miguu ya moto, akambusu mumewe upara. Merle aliikumbuka friji siku hiyo hiyo, akajiambia kwamba mwinamo wenyewe ni mdogo. Siku ya tatu maziwa yakachacha. Akayamwaga nyuma ya kichaka kabla mkewe hajaamka.

"Nimezima friji," alimwambia wakati wa chai. "Tunabana gesi. Usiku wa jangwa ni friji ya bure."

"Na dawa yangu?"

"Nimeiweka kwenye deli, nje, upande wa kivuli. Karibu na siagi. Baridi nzuri kabisa."

Lorene hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Sote hapa huweka nyama kwenye deli, lile sanduku la plastiki la barafu, tunalifungua kidogo usiku liingie baridi na kulifunga asubuhi lisitoke. Lakini nyama ikiganda inabaki kuwa nyama. Insulini ikiganda imekwisha kazi, na ikiyeyuka inarudi kuwa angavu kama jana, wala kwa macho huwezi kuijua. Mle ndani ya deli zilikuwamo chupa zake zote nne, dawa ya miezi mitatu.

Jumatatu alfajiri Merle alitoka kufunga deli. Chupa ya maji iliyokuwamo ilikuwa ngumu kama jiwe. Akainua chupa moja ya insulini, akaiona nyeupe kuanzia chini mpaka shingoni. Akaangalia nyingine. Nyeupe. Zote nne nyeupe. Alisimama pale na nguo zake za kulalia, pumzi ikimtoka kama moshi, kisha akazitia kwapani, mbili huku, mbili huku, akangoja mpaka zikayeyuka. Akazielekeza kwenye jua lililokuwa likichomoza. Maji matupu, safi.

"Hazina neno," alijiambia kwa sauti, na akazirudisha karibu na siagi.

Kusema kungemtaka aseme yote. Kwamba friji imekufa, kwamba yeye ndiye aliyeiua, kwa kosa lile lile analowatisha nalo watu kila Jumamosi, na kwamba hana dola elfu moja na mia nne wala nusu yake. Mtu mwingine angesema. Mimi namkasirikia mpaka leo kwa asubuhi ile, kuliko kwa mengine yote yaliyofuata.

*

Kipimo cha sukari cha Lorene kwa kawaida kilisoma mia moja na arobaini, au hapo karibu. Jumanne kilisoma mia mbili na sitini. Alhamisi kilisoma mia tatu na arobaini, na siku hiyo hiyo Merle alibonyeza kitufe cha kupimia tangi la maji akakuta limebaki robo. Ilikuwa siku ya sita tangu walijaze. Tangi lile walikuwa wakilitumia siku kumi na mbili.

"Lorene, maji yanakwenda wapi?"

"Nakunywa."

"Unakunywa au unamwagilia bustani?"

"Nina kiu, Merle. Sijui ni kiu gani hii. Nakunywa, naenda chooni, nakunywa tena."

"Na tangi la choo nalo limejaa! Siku ya sita! Sasa watu watasemaje, Mwalimu kaishiwa maji kabla ya wanafunzi wake?" Akachukua kalamu ya wino mzito, akachora mstari kwenye dumu la kunywa. "Hapa ndipo mwisho wako wa leo. Hapa. Usiupite."

Lorene akautazama ule mstari. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Sukari imefika mia tatu na arobaini," alisema.

"Ni pai ya Darla hiyo."

Darla alikuwa ameleta pai ya tufaha Jumapili, ya kutengeneza urafiki baada ya kuchekwa. Lorene aliipokea kwa mikono miwili, akaitia ndani ya friji iliyozimwa, kwa kuwa mle sisimizi hawaingii.

"Sijaigusa."

"Sukari haijipandishi yenyewe. Sema kweli tu, mama, mimi sikugombezi. Nikitoka unakata kipande."

"Miaka arobaini na minne tumekaa, Merle. Lini nimekuibia chakula?"

"Sijasema kuiba."

"Pai iko kwenye friji. Katazame."

Friji ilikuwa hatua mbili kutoka alipokaa. Merle hakuinuka. Angeikuta pai nzima, angelazimika kutafuta sababu nyingine ya ile sukari, na sababu nyingine alikuwa anaijua. Ilikuwa nafuu mkewe awe mlafi.

"Sina haja ya kutazama," alisema, akavaa kofia, akatoka kwenda kufuta vumbi kwenye paneli.

Tangu mchana huo Lorene hakula kitu isipokuwa yai moja. Alidhani pengine kweli kuna anachokula asijue ni sukari. Alizisoma hata karatasi za makopo ya maharage, kwa miwani, moja baada ya moja.

*

Jua lilipoanza kushuka Lorene alivuka vichaka na kikombe mkononi, akabisha kwenye gari la Darla.

"Samahani, Darla. Una maji ya kunywa?"

"Kwani yenu yamekwisha?"

"Hayajakwisha. Merle anayapima." Akacheka kidogo, cheko la kuona haya. "Unamjua Mwalimu."

Alikunywa vikombe vinne akiwa amesimama, maji yakimtiririka kidevuni. Darla akamkalisha kwenye ukingo wa godoro. Kaka yake alikuwa na kisukari, na ile harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi aliyoisikia kwenye pumzi ya Lorene alikuwa ameisikia mara moja kabla, kwa kaka yake huyo, jikoni kwa mama yao.

"Sindano unapiga?"

"Sikosi hata moja."

"Dawa mnaiweka wapi?"

"Nje, kwenye deli."

"Nje! Lorene, Jumatatu asubuhi kitambaa changu cha vyombo kiliganda kama ubao. Twende hospitali. Sasa hivi, nawasha gari."

"Ngoja kwanza nimuulize Merle."

"Umuulize nini?"

"Ngoja tu, Darla. Ni mume wangu, yeye ndiye anayejua mambo ya mitambo."

Akamuuliza, mlangoni, kabla hata hajapanda ngazi. "Merle, dawa yangu iliganda?"

"Mimi?" Merle alisema. "Mimi nigandishe dawa yako? Nani kakutia maneno hayo, yule mgeni wa juzi? Kaitazame mwenyewe."

Alimletea chupa. Lorene akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku. Angavu, haina doa. Akamrudishia, akamwambia nisamehe. Neno hilo alilisema kweli, tulimsikia tuliokuwa karibu. Kisha akarudi kumwambia Darla kwamba haikuganda, Merle kasema. Darla akafungua kinywa, akakumbuka kicheko cha Jumamosi, akakifunga. Alikuwa amechekwa mara moja na hakutaka mara ya pili. Hilo amekuja kunieleza mwenyewe, huku analia.

*

Lakini neno lilikuwa limemwingia Merle. Ijumaa asubuhi alimwambia mkewe anakwenda kujaza maji, akafungua lile gari lao dogo wanaloburuta nyuma, akaendesha maili thelathini na nane mpaka mjini. Maji alijaza. Kisha akaingia duka la dawa.

Mfamasia alikuwa msichana mwenye sauti ya upole. Alitazama kompyuta yake. "Bwana Kostka, mke wako alichukua dawa ya miezi mitatu mwezi uliopita. Bima hawatalipa nyingine mpaka Machi."

"Naam. Najua."

"Imetokea nini? Imevunjika? Imepata joto, imeganda? Niambie tu. Kuna namba ya kuwapigia kwa mambo kama haya, ni dakika kumi, na unaondoka nayo leo."

Merle akashika ukingo wa kaunta. Neno lilikuwa moja tu. Alikuwa amelibeba maili thelathini na nane, na sasa lilikuwa nyuma ya meno.

"Mwalimu!" Nyuma yake kwenye foleni walikuwa Ridley na mkewe, wanafunzi wake wa Jumamosi, wenye nyuso za kufurahi. Bibi Ridley alitia mkono mkobani, akainua kitu. "Tumeinunua! Pimamaji! Tena tulikuwa tumeinama vibaya, ungetuona! Kama si wewe friji yetu ingekuwa imekwenda."

"Vizuri," alisema Merle. "Vizuri sana."

"Bwana Kostka?" alisema mfamasia. "Imeharibika?"

"Hapana. Hakuna kilichoharibika. Nilikuwa nauliza tu tarehe."

"Na mgonjwa anaendeleaje?"

"Mzima."

Alinunua pakiti ya bazoka za kutafuna ili asitoke mikono mitupu. Wakati anatoka Ridley alimpigapiga mgongoni, akamwambia tutaonana kesho, Mwalimu.

Lorene alikuwa amelala aliporudi. Alimwekea dumu zima kando ya kitanda, lisilo na mstari. Usiku huo Lorene alitapika mara mbili. Alfajiri Merle alimwambia akitoka tu darasani atampeleka hospitali, na Lorene akajibu kitu ambacho hakikueleweka.

*

Jumamosi tulikuwa watu kumi na wanne. Merle alizungumzia betri kwa muda mrefu, akarudia. Pimamaji ilikuwa mezani na hakuishika. Bibi Ridley akamkumbusha kwa utani kwamba ameiruka, naye akasema atafika, atafika.

Darla hakuwa amekaa na sisi. Alikuwa amepita kwa nyuma kumtazama Lorene, na mlango wa gari-nyumba ulifunguka kwa kishindo.

"Merle! Acha meza hiyo! Merle!"

Lorene alikuwa sakafuni kati ya kitanda na jiko, macho nusu, akivuta pumzi kubwa za harakaharaka kama mtu aliyekimbia mbali. Kipimo hakikutoa namba tena, kiliandika tu kwamba sukari imepita kiwango. Karatasi ya namba za mahali ilikuwa imebandikwa mlangoni, kama alivyotufundisha, Ridley akaisoma kwenye simu, na gari la wagonjwa halikupotea hata kidogo. Lilichukua dakika hamsini. Merle alikaa sakafuni amempakata kichwa, akimdondoshea maji mdomoni kwa kijiko, na maji yakarudi nje.

Hospitalini daktari alitoka haraka. "Insulini yake iliwekwaje? Kuna siku alikosa?"

Merle akatazama viatu vyake. Tulikuwa tumesimama ukutani, mimi, Darla na akina Ridley.

"Sema," Darla alimwambia.

"Iliganda." Sauti ilimtoka kubwa mno, mpaka watu waliokaa kwenye viti wakageuka. "Friji ilikufa, nikaiweka nje, ikaganda. Zote nne. Niliziona Jumatatu, nikaziyeyusha kwapani. Niliziona kwa macho yangu."

Daktari alimtazama. "Leo ni Jumamosi," alisema, akarudi ndani.

Bibi Ridley akaanza kulia. Merle akazidi kueleza, kuhusu jua la Januari, kuhusu betri za miaka sita, miguu ya Lorene ilivyokuwa baridi, akimweleza kila aliyepita na sahani ya dawa au ndoo ya kudekia. Sasa alikuwa hawezi kunyamaza. Lorene alifariki Jumapili kabla ya saa sita mchana, hakuamka tena.

*

Merle alirudi jangwani Jumatano. Tulikwenda kumpa pole, tukasimama vichakani, hatukujua tumwiteje. Mwalimu lilikuwa halitamkiki. Alitushukuru kwa kutikisa kichwa, akachukua jeki, akaanza kutoa zile mbao, moja, mbili, mpaka nne. Akaweka pimamaji sakafuni. Kiputo kikaja katikati, kikatulia. Kisha akawasha friji, ambayo kwa maneno yake mwenyewe ilikuwa imeungua na haiponi. Sijui kwa nini aliiwasha. Nadhani mikono ilitaka kazi.

Ndipo alipofungua mlango wa friji mara ya kwanza tangu siku ya maziwa. Pai ilikuwa pale. Nzima. Karatasi ya foili iliyoifunika ilikuwa bado imekunjwa kingo kama Darla alivyoikunja, na chini yake ukungu wa kijani ulikuwa umeanza pembeni. Hapakuwa na alama ya kisu wala ya kidole. Aliufunga mlango polepole, akaketi kwenye ngazi mpaka jua likazama.

Asubuhi alivuka vichaka na sahani ile mikononi, mbele ya macho yetu sote, akabisha kwa Darla. Darla akaipokea, akashtuka.

"Ni ya baridi," alisema.

"Friji inafanya kazi. Haikuwa imekufa. Ilitaka gari lisimame sawa tu."

Darla akafunua karatasi, akaitazama pai yake, kisha akamtazama yeye.

"Hakuikata," Merle alisema.

"Naona. Nani alisema aliikata?"

"Mimi," Merle alisema. "Mimi nilimwambia anaila."

Darla akarudi ndani na sahani yake, akafunga mlango.